Posa Iliyopanda Mlima Kinyumenyume

Mlioniacha wiki jana nikiwa kwenye usukani na shati jipya linalonibana shingo, karibuni tena. Shati bado linabana. Mengine yote yamebadilika, na mengi kwa ubaya, lakini kila nikiyakumbuka nacheka. Nanyi chekeni tu, sitawanunia.

Kwa aliyechelewa: mimi ni Nazario Batz, muuza masufuria na mabeseni kwenye masoko ya milimani. Ninaishi na mama yangu, Eduviges, ndani ya basi. Nasema ndani. Lilikuwa basi la wanafunzi huko Marekani. Tukang'oa viti, tukatia vitanda viwili, jiko la gesi, kabati la vyombo, na pazia katikati ili kila mtu awe na heshima yake.

Nampenda Rosenda Guarchaj wa Ixtahuacán, kule juu kabisa ya mlima wetu tunaouita Alaska kwa baridi yake. Naye ananipenda, na sababu hakunificha. "Nazario, mimi nimezaliwa kwenye ukungu huu na sijaona kingine. Nataka mwanamume mwenye nyumba inayotembea."

Baba yake, mzee Anselmo, ananikataa kwa sababu hiyohiyo. "Nyumba yenye magurudumu si nyumba," aliniambia usoni. "Leo iko hapa, kesho imemfikisha binti yangu Mexico."

Kwetu posa ni safari tatu. Ya kwanza tulikimbizwa na mbwa, hiyo mliisoma. Ya pili tulipewa maji ya kunywa, ikawa hatua. Ya tatu ndiyo ya jibu, na mzee Anselmo alituwekea sharti: tufike Jumapili kabla kengele ya mchana haijanyamaza. Ikinyamaza hatujafika, tusihangaike tena.

Basi Jumapili ilifika, na mimi nikaamka nikiimba. Mjinga huamka akiimba.

Mshenga wetu, mzee Macario Tzoc, alitukuta mjini Salcajá, chini ya mlima, asubuhi. Huyu mzee ameozesha nusu ya wilaya, na hawezi kuomba chumvi bila kuanzia kuumbwa kwa dunia. Alikuja na mzigo wa matawi ya msonobari, maua ya kila rangi, na kitambaa kizito cha kufumwa. Akavifunga vyote kwenye uso wa basi, kutoka taa mpaka taa, akakaza kwa kamba.

"Posa lazima ijulikane kwa uso wake," akasema. "Na pambo hili lisiguswe na mkono wowote mpaka mama wa binti alifungue mwenyewe."

Lilipendeza, siwadanganyi. Mama alitokwa na machozi.

Tatizo ni kwamba basi nalo lina pua, na pua ya basi iko palepale usoni. Nyuma ya ule wavu wa mbele kuna rejeta, na mbele ya rejeta kuna kijirejeta kingine kidogo cha kupoza oili ya giaboksi. Hilo nililijua. Nililijua, nikayatazama maua, nikanyamaza. Nani abishane na mshenga siku ya jibu?

Halafu mjue na jambo jingine. Mabasi ya aina hii yakifika kwetu, kitu cha kwanza fundi anang'oa giaboksi ya otomatiki na kutia ya mkono, maana milima yetu haina mzaha. La kwangu lilibaki na otomatiki yake. Bibi wa Kanada aliyeniuzia aliniapia kwamba ni giaboksi nzuri, ila niihurumie. "Ikichemka," aliniambia, "usizime injini. Simama, weka nyutro, kanyaga mafuta kidogo, oili izunguke ipoe." Nikaitika. Kuitika ni rahisi.

Tukaanza kupanda Alaska. Mama nyuma kitandani, bata mzinga wa zawadi mapajani. Mzee Macario pembeni yangu, kofia magotini, midomo ikichezacheza, anajikumbusha maneno yake.

"Mama," nikasema, "kuna harufu."

"Ni bata mzinga."

"Bata mzinga hanuki hivyo."

"Basi ni wewe. Nilikwambia usile maharage asubuhi."

Nikatazama geji ya giaboksi. Siku zote ile sindano hulala katikati, haina habari na mtu. Sasa ilikuwa inapanda upande wa nyekundu, na ilikuwa inapanda haraka kuliko sisi.

"Mzee Macario, shikamoo tena. Naomba nisimame nishushe hilo pambo dakika moja tu, basi lipumue. Nitalirudisha."

Mzee akaniangalia. Akaweka mkono kifuani. "Mwanangu," akaanza, "baba zetu na mama zetu, waliotutangulia kuliona jua, waliotandika mkeka wa kwanza, waliofungua njia ya kwanza kati ya nyumba na nyumba..."

Alipofika kwa mabibi tulikuwa tumeshapita kona mbili. Alipofika kwa babu za hao mabibi, sindano ilikuwa imegota. Aliposema "kwa hiyo jibu langu ni hapana," moshi ulikuwa unaingia kupitia sakafuni.

Nikalitoa basi pembeni, penye uwanja mpana wa magari kupumzika. Nikakumbuka maneno ya bibi wa Kanada. Nikaweka nyutro, nikakanyaga mafuta kidogo, injini ikainua sauti. Nikajisifu moyoni: Nazario, leo umekuwa fundi.

Hapohapo likaja basi la abiria, limejaa mpaka mlangoni, linaitwa Esmeralda kwa herufi za kumetameta. Likasimama nyuma yetu. Akashuka dereva wake, Toribio, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Tunajuana masokoni.

"Nazario! Zima gari, wewe! Unataka kulichoma?"

"Hili ni otomatiki, ukizima oili haizunguki."

"Oili gani izunguke na moshi huo? Zima!"

Abiria wake wakatoa vichwa madirishani. "Zima! Zima bwana!" Mwanamke mmoja akaanza kuomba rozari. Mtu mmoja akasema apishwe atazame vizuri maana gari likilipuka atapenda kuliona.

Mama akaja mbele na bata wake. "Zima, Nazario. Watu wote hawa hawawezi kukosea."

Nikazima.

Watu wote walikuwa wamekosea. Wao wamezoea gia za mkono, na kwa gia za mkono wangekuwa na haki. Lakini yangu, ilipokufa injini, oili ikasimama palepale kwenye moto wake, ikaendelea kujipika taratibu huku sisi tukipongezana.

Toribio akaenda mbele kufungua boneti. Tukamsikia akipiga mluzi.

"Nani kafanya hivi?"

"Ni pambo la posa," akasema mzee Macario.

"Mzee wangu, shikamoo, lakini mmelivika basi sweta puani na kulipandisha Alaska. Hata mimi ningezimia."

Mzee Macario akavaa kofia. Kwake hiyo ni dalili ya hasira kubwa.

Toribio akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia, akakinusa, akakunja uso, akaninusisha na mimi.

"Hii ni oili au kahawa?"

"Jana ilikuwa nyekundu."

"La kuvunda halina ubani, ndugu yangu. Jaribu uone."

Nikawasha. Nikatia gia ya kwenda mbele. Injini ikanguruma vizuri sana. Basi likasimama vizuri sana. Nikatia gia ya chini yake, na ya chini kabisa. Mngurumo ni uleule, na magurudumu hayakusogea hata upana wa kidole.

Hapo, wasomaji wangu, kicheko kiliniisha. Niliweka paji la uso kwenye usukani nikamwona Rosenda amesimama langoni na kengele inanyamaza. Nilitaka kulia, na ningelia, kama shati lingeniachia nafasi.

"Pandeni kwangu," akasema Toribio. "Napita mlangoni kwao. Tutafika kengele ikiwa bado hata haijaanza."

Mama hakungoja. Nilipoinua kichwa, bata mzinga alikuwa ameshapata kiti Esmeralda, dirishani.

"Shuka, Eduviges," akasema mzee Macario.

"Nishuke niende wapi?"

"Mzee Anselmo anasema nyumba yenu si nyumba. Tukifika bila hiyo nyumba ataniuliza: nyumba ya kijana iko wapi? Nimjibu nini? Imebaki njiani? Mimi mshenga sisemi uongo, na ukweli huo utatumaliza hata kabla hatujakaa."

Mama akashuka na bata wake. Alishuka akisema maneno ambayo mhariri hatayachapa. Akapanda basi letu, akanisukuma pembeni, akaushika mkono wa gia kwa ngumi kama mwiko wa ugali.

"Hii ya chini nimeiona. Hii nayo nimeiona. Na hii?"

"Hiyo ni rivasi, mama. Sisi tunataka kwenda mbele."

"Sikukuuliza tunakotaka kwenda. Nimekuuliza hii umeijaribu?"

Akaitia.

Basi likaruka nyuma. Toribio naye akaruka, na kwa mtu wa unene ule aliruka vizuri. Nilikanyaga breki tukiwa tumebakiza kiganja kimoja tuibusu Esmeralda. Abiria wakapiga makofi.

Toribio alikaa chini barabarani akicheka mpaka akashika mbavu. "Zile sahani za ndani ya giaboksi, za kwenda mbele, zimeungua," akasema alipopata pumzi. "Za kurudi nyuma ziko kwingine, hata habari hazina! Nazario, geuza gari. Lipandishe mlima kinyumenyume!"

"Hapana," akasema mzee Macario.

"Mzee, hakuna njia nyingine."

"Nimeozesha watu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sijampelekea mtu posa kwa mgongo. Anayekuja kwa mgongo ni anayeondoka."

Nilimtazama mzee yule, nikaona kwamba hakuwa na kiburi. Aliogopa. Jina lake lote liko katika kufika vizuri, na nilikuwa namwomba afike vibaya kwa ajili yangu.

Mama ndiye aliyejibu, kwa upole nisioujua. "Mzee Macario, mbele ya safari ni wapi? Si kule watu wanakoenda? Sasa basi letu likienda kule, basi mbele yake itakuwa kule."

Mzee akatazama basi. Akalizunguka mara moja. Akavua kofia, akaiweka kifuani, akaanza: "Baba zetu na mama zetu, waliotutangulia kuliona jua..."

"Fupisha, mzee!" akapiga kelele Toribio. "Kengele!"

"...wanakubali," akamalizia mzee Macario. Nadhani ilikuwa hotuba fupi kuliko zote za maisha yake.

Akafungua pambo kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa aliyefunga ndiye mwenye ruhusa ya kuhamisha, akalifunga upya kwenye mlango wa nyuma wa basi. Pua ya basi ikabaki wazi. Tukaweka nyutro, tukakanyaga mafuta kidogo, tukaongeza oili niliyokuwa nayo kwenye kopo, na sindano ikaanza kushuka, polepole, kama mtu anayeona haya.

Toribio akafunga barabara kwa Esmeralda. Nikarudi nyuma nikikata usukani mpaka mkia ukazama ndani kabisa ya uwanja na pua ikakata barabara, kisha nikaachia breki, basi likaserereka lenyewe mpaka pua ikatazama bondeni na mkia ukatazama kwa Rosenda. Nikatia rivasi.

Tukapanda.

Sijui kama mmewahi kupanda mlima mkiwa mmeupa mgongo. Unaona ulikotoka tu. Toribio alitufuata ili malori yasitugonge, kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa tunatazamana, kioo kwa kioo, njia nzima. Alikuwa anakula chungwa. Kila nikikosea kona alitikisa kichwa na kunionyesha kwa kidole chenye maji ya chungwa.

Mama alikuwa mlango wa nyuma, kichwa kimejichomoza katikati ya maua.

"Kushoto! Kushoto! Kushoto gani hiyo, mtoto wewe!"

"Mama, kushoto kwako ni kulia kwangu!"

"Basi nenda kushoto kwangu, mimi ndiye mama!"

Mzee Macario alisimama katikati, ameshika nguzo, anapokea maneno ya mama na kunipitishia mimi kwa heshima. "Eduviges anakuomba, kwa unyenyekevu, usitie gurudumu kwenye mtaro."

Tulipofika ukunguni, kengele ikaanza.

Sijawahi kuichukia kengele ya kanisa. Ile niliichukia. Ililia, na ilipolia tuliona nyumba za kwanza. Ililia, na watoto wakaanza kukimbia kandokando ya basi wakipiga mayowe. Sindano ya joto ilikuwa inapanda tena, na safari hii sikuitazama. Nikasikia mama akisema, "Lango! Nyoosha, nyoosha, nyoosha, SIMAMA!" Nikasimama. Kengele ikapiga mara moja zaidi, ikanyamaza.

Mzee Macario akafungua mlango wa nyuma, ule wa dharura, akajikuta anashuka moja kwa moja kwenye kizingiti cha mzee Anselmo. Hakuna mshenga aliyewahi kushushiwa mlangoni namna ile. Akainama, akavua kofia, sauti ikamrudi. Mama yake Rosenda akalifungua pambo kwa mikono miwili, kama ilivyotakiwa, akijitahidi asicheke.

Nilipozunguka na bata mzinga wangu, mzee Anselmo alikuwa bado analitazama basi.

"Niliwaona tangu kona ya chini," akasema. "Nikamwambia mke wangu, wale wanaondoka. Kila nikitazama mnaondoka, na kila nikitazama mmesogea karibu zaidi. Nikadhani macho yangu yamekwisha. Kuna nini?"

Mzee Macario akafungua kinywa kuanza na mababu, lakini mzee Anselmo alikuwa ananiangalia mimi. Nikasema kweli. "Giaboksi imeungua, mzee. Haiendi mbele."

"Haiendi?"

"Haiendi."

"Nionyeshe."

Nikapanda, nikawasha, nikatia gia. Ikanguruma, haikusogea. Nikashuka nikijua nimejimaliza mwenyewe: ndiyo hiyo nyumba yangu, mzee, hata gari si gari tena.

Mzee Anselmo akalizunguka basi. Akapiga teke gurudumu. Akapanda ndani, akakaa kwenye kitanda cha mama, akafungua kabati, akalifunga, akalisifu jiko. Alipotoka alikuwa anatabasamu. Safari tatu, sijawahi kuyaona meno ya mtu huyu. Ni meno mazuri.

"Sasa hii," akasema, "ni nyumba."

Mama akanishika mkono.

"Kosa lake lilikuwa moja tu, kutembea. Mungu amelisahihisha. Likae hapohapo uani kwangu, nitalijengea ngazi na paa la mbele. Kijana, mbele ya mshenga wako, niahidi kwamba giaboksi hiyo haitaguswa na fundi yeyote maisha yako yote, na binti ni wako leo hii. Nasubiri unywe tu kikombe cha posa."

"Tumekubali!" akasema mzee Macario, maana hiyo ndiyo kazi yake, na mama alikuwa ameshaanza kulia na kuuliza jua linatokea upande gani ili ajue pa kuanikia nguo.

Kwetu kikombe cha chokoleti cha kufunga posa analeta binti mwenyewe. Rosenda akatoka jikoni amekishika kwa mikono miwili, macho chini, sketi mpya, mrembo mpaka nikasahau shati. Akanikabidhi, na vidole vyake vilikuwa baridi.

"Mzigo wangu nimeufunga tangu alfajiri," akaninong'oneza bila kuinua macho. "Nilikuwa nakuja na wewe, Nazario. Popote. Ukinywa hicho umeoa ua wa baba yangu. Mimi simo."

"Na nisiponywa?" nikanong'ona.

"Baba hatakuruhusu kukanyaga hapa tena."

Akarudi nyuma hatua moja, akakunja mikono, akangoja kama wengine wote. Mama ananitikisia kichwa, kunywa. Mzee Macario amefumba macho kwa furaha. Toribio amening'inia mlangoni mwa Esmeralda, ganda la chungwa mkononi, na abiria wake wote wametoa vichwa madirishani.

"Kunywa, mwanangu, inapoa," akasema mzee Anselmo. Ndiyo mara ya kwanza kuniita mwanangu.

Nikainua kikombe mpaka mdomoni.